Leseni ya Rubani na Mipaka ya Kuaminiana

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Kilifi kila mwaka, hasa baada ya matokeo ya mtihani kutangazwa, halikosi lile la urubani. Mtoto aliyekulia Malindi, mji ambao uwanja wake wa ndege uko karibu na makazi ya watu, hana haja ya kuelezwa ndege ni kitu gani. Amezizoea tangu utotoni. Anachotaka kuelezwa ni njia ya kukifikia kiti cha mbele. Hapo ndipo penye utata, kwa maana wengi wetu tunaotarajiwa kumwelekeza hatufahamu kwamba leseni ya urubani, kinyume na ujuzi wenyewe, haivuki mpaka wa nchi kwa urahisi.

Pwani yetu hii ina uhusiano wa miaka mingi na Ulaya. Kutoka Watamu hadi Mambrui, si ajabu kukuta familia yenye mama Mgiriama na baba Mwitaliano, au kijana aliyemfuata nduguye Ujerumani. Baadhi ya vijana hao hujifunza kazi huko huko, urubani ukiwamo. Kisha husikia kwamba Marekani ndiko kwenye ndege nyingi na mishahara minono, nao hujiuliza: je, leseni hii ya Ulaya itanifaa huko? Wengine huanzia Marekani moja kwa moja, wazazi wakiwa wameuza kipande cha shamba ili kulipa karo, na swali lao ni lile lile ila limegeuzwa: je, nikirudi nyumbani itakuwaje?

Maoni yangu ni kwamba swali hili linapita urubani. Leseni si ushahidi wa ujuzi peke yake. Ni neno ambalo serikali moja inaiambia serikali nyingine, na neno hilo huaminiwa au hukataliwa kulingana na mapatano yaliyopo, wala si kulingana na uhodari wa mwenye leseni. Asiyelijua hilo mapema hulipa mara mbili. Nazo serikali zetu za Afrika Mashariki, ambazo zingeweza kuwapunguzia watoto wetu gharama hiyo, zimechelewa kufanya hivyo.

Mimi si rubani. Kazi yangu ni isimu, na kwa hivyo msomaji aniwie radhi nikianza na neno lenyewe. ‘Rubani’ tulilipata kutoka Kiarabu, na kabla ya kuwapo kwa ndege lilimhusu mwenye kuongoza chombo baharini, mtu anayeijua miamba, mikondo na misimu ya pepo. Mji wa Malindi una historia yake katika jambo hili. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498, hakuwa na mtu wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mfalme wa Malindi akampatia rubani. Wakang’oa nanga tarehe 24 Aprili, na kufikia tarehe 20 Mei walikuwa wamewasili karibu na mji wa Calicut. Rubani huyo alikuwa nani hasa, wanahistoria wangali wanabishana. Wapo waliomtaja Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa Kiarabu, na wapo wengi wanaolikataa dai hilo.

Mwandishi Mreno João de Barros, katika kitabu kilichochapwa 1552, anamwita rubani huyo Malemo Caná, Mwislamu kutoka Gujarati. Anasimulia kwamba rubani alimwonyesha da Gama ramani ya pwani ya India, naye da Gama akamwonyesha kifaa cha mbao cha kupimia kimo cha jua. Rubani hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba marubani wa Bahari ya Shamu nao wana vifaa vya shaba vya kazi hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, wawili hao walitahiniana, kila mmoja akaupima ujuzi wa mwenzake, na baada ya hapo safari ikaanza. Walimu wenzangu watapenda kujua kwamba hilo ‘Malemo’ ni matamshi ya Kireno ya neno la Kiarabu ‘muallim’, lile lile lililotupa ‘mwalimu’. Katika Bahari ya Hindi ya zama hizo, bingwa wa kuongoza chombo aliitwa kwa jina hilo.

Siku hizi hakuna anayekabidhiwa chombo kwa mazungumzo ya namna hiyo. Baina ya rubani na chombo imeingia serikali, na si bure. Chombo cha angani hakina mahali pa kutia nanga mambo yakiharibika, na abiria hana uwezo wa kumtahini anayemwendesha. Lazima pawe na mtu wa kumtahini kwa niaba yake.

Msingi wa sheria za kisasa ni Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Ibara ya 32 ya mkataba huo inataka rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au iliyokubaliwa rasmi, na nchi ambako ndege hiyo imesajiliwa. Ibara ya 33 inazitaka nchi nyingine ziitambue leseni hiyo, mradi masharti yaliyotumiwa kuitoa hayapungui kiwango cha chini cha kimataifa.

Maana yake ni kwamba leseni hufuata bendera ya ndege. Ndege za Kenya huandikwa alama ya 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X, na za Marekani N. Shirika la Kenya Airways lilipoanza safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, marubani wake hawakuhitaji leseni ya Marekani, kwani ndege ilikuwa ya Kenya na leseni ni ya Kenya. Lakini tuseme mmoja wao angeshuka, akaenda katika uwanja mdogo wa jirani, akaomba kuajiriwa aendeshe ndege yenye alama ya N. Angeambiwa hana leseni. Muda mfupi uliopita alikuwa amebeba watu zaidi ya mia mbili. Sasa ni mwombaji kama waombaji wengine. Ujuzi wake haukupungua. Kilichobadilika ni bendera.

Sasa tumtazame yule kijana wetu mwenye leseni ya Ulaya. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni za pamoja zinazosimamiwa na wakala wa usalama wa anga wenye makao yake Cologne, Ujerumani. Leseni ikitolewa Italia au Uhispania ni ile ile, nayo hutumika katika nchi zote za umoja huo. Kijana anayeishi humo huweza kusahau kwamba kuna mipaka, hadi anapotazama ng’ambo ya Atlantiki.

Kwa leseni ya urubani binafsi, yaani ya kuruka bila kulipwa, mambo ni mepesi. Marekani humpa mgeni cheti chake kwa kutegemea leseni ya kwao, mradi mamlaka ya kwao ithibitishe kwamba leseni hiyo ni halali. Cheti hicho huandikwa nambari ya leseni ya kigeni, na uhai wake hufungamana nayo. Ile ikifa, nacho hufa. Zaidi ya hayo, kuna makubaliano baina ya Marekani na Umoja wa Ulaya, yaliyoanza kutumika 2021, ambayo yanarahisisha kubadilishana leseni za urubani binafsi pamoja na ruhusa za kuruka usiku na kuruka kwa kutegemea vyombo. Lakini makubaliano hayo yanakomea hapo. Leseni ya biashara, ile ya kumlisha mtu, haimo.

Kwa hivyo anayetaka kulipwa kwa kuruka Marekani hana budi kuomba cheti cha biashara cha huko mwanzo hadi mwisho. Awe ametimiza miaka 18. Ajue kusoma, kusema, kuandika na kufahamu Kiingereza. Afanye mtihani mmoja wa nadharia wenye maswali 100, na apate alama zisizopungua 70 kwa mia. Awe na saa 250 za kuruka kwa utaratibu wa kawaida, zikiwamo saa 100 ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa rubani mwenye dhamana ya ndege. Mwalimu aliyeidhinishwa na Marekani athibitishe kwa maandishi kwamba yu tayari. Kisha akae na mtahini, aulizwe kwa mdomo, na hatimaye waruke pamoja. Juu ya hayo yote, atahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya Marekani.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningependa wanafunzi walizingatie sana. Saa alizoruka Ulaya hazitupwi. Zikiwa zimeandikwa sawasawa katika daftari lake la safari, tarehe kwa tarehe, ndege kwa ndege, huhesabiwa. Karatasi yenye muhuri haikuvuka bahari, lakini daftari la kazi lilivuka. Hata hivyo huenda zisitoshe. Kiwango cha chini cha ICAO kwa leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa aliyefunzwa katika mpango ulioidhinishwa. Kijana aliyetoka shuleni juzi na saa zake mia mbili atalazimika kuongeza hamsini kwa fedha zake mwenyewe kabla ya mtahini kumwona.

Wala cheti si kazi. Tangu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, mgeni anayetaka kujifunza urubani Marekani huchunguzwa kwanza kwa ajili ya usalama, na viza ya kusomea si kibali cha kuajiriwa. Tena kuna sheria ambayo wengi hawaitambui hadi wamefika. Baada ya ndege ya shirika la Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo mwezi wa Februari 2009 na kuua watu 50, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria, kwa kawaida, hutakiwa awe na saa 1,500. Ulaya hakuna sharti kama hilo. Kijana mwenye saa kama mia mbili na mafunzo yanayotakiwa huweza kukaa kiti cha kulia cha ndege kubwa. Basi yule anayekimbilia Marekani kwa matumaini ya kuingia shirika kubwa mara moja, atajikuta yu mbali nalo kuliko alivyokuwa Roma.

Njia ya kurudi nayo haifanani na ya kwenda. Mwenye cheti cha biashara cha Marekani anayetaka leseni ya Ulaya hukabiliwa na mitihani ya nadharia ya Ulaya, ambayo kwa leseni ya juu kabisa ya usafirishaji ni 13, na alama ya kufaulu ni 75 kwa mia. Marekani huuliza machache kwa maandishi na mengi kwa mdomo na angani. Ulaya huanza na rundo la karatasi. Sisemi upande upi una haki. Ninachosema ni kwamba kila upande unauamini mtihani wake na kuushuku wa mwenzake, ingawa ndege zao hununuliwa kwa watengenezaji wale wale na huruka kwa kanuni zile zile za hewa.

Msomaji mwenye busara ataniuliza: je, si usalama huo? Ungependa wewe uendeshwe na mtu ambaye hakutahiniwa na serikali yako? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Rubani aliyefunzwa Sicilia hajui taratibu za mawasiliano ya Marekani wala sheria zake, na ni haki apimwe katika hayo. Lakini kama usalama ndio sababu pekee, yatuelezeje yaliyowapata marubani wa Uingereza? Hadi siku ya mwisho ya 2020, leseni ya Uingereza ilikuwa leseni ya Ulaya. Siku ya pili yake, tarehe 1 Januari 2021, haikutambuliwa tena kwa ndege zilizosajiliwa katika Umoja wa Ulaya. Marubani wale wale, ndege zile zile, mitihani ile ile waliyoifanya. Hakuna aliyesahau kuruka usiku wa mwaka mpya. Kilichokatika ni mapatano ya kisiasa, na aliyekuwa na habari mapema alikuwa amekwisha kuihamishia leseni yake Ireland au kwingineko.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka Waingereza, maana yao tuliyatangulia. Kulikuwa na wakati ambapo Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, lililoanzishwa 1946, na usimamizi wa pamoja wa usafiri wa anga. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilianzishwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Mtoto wa Malindi angeweza kufunzwa Soroti na kuajiriwa Dar es Salaam bila kuulizwa ana karatasi ya nani. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likafa, na kila nchi ikajitengenezea mamlaka yake, muhuri wake na masharti yake.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Novemba 1999. Mwaka 2007 ukaundwa wakala wa pamoja wa kusimamia usalama wa usafiri wa anga, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuzioanisha kanuni. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika Ibara ya 11 zitambuliane vyeti vya elimu na vya kitaaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walipata mapatano yao miaka michache baadaye. Hata hivyo leseni ya urubani ingali inatolewa na kila nchi kwa jina lake na kwa ndege zake. Tumeoanisha kanuni kwenye makaratasi, lakini hatujafikia pale Ulaya ilipofikia, ambapo leseni ni moja.

Na hapa ndipo ninapotaka kulileta suala la lugha, kwa kuwa ndilo ninaloweza kulizungumzia kwa uhakika zaidi.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca kutoka Colombia ilianguka karibu na New York baada ya kuishiwa na mafuta. Watu 73 walikufa. Marubani walikuwa wamewaambia waongozaji wa ndege kwamba mafuta yanakwisha, lakini hawakulitamka neno rasmi la kutangaza hatari, lile ambalo likitamkwa humlazimisha mwongozaji kuwaondoa wengine wote njiani. Sentensi yao ilieleweka. Haikuwa na nguvu ya kisheria. Wanafunzi wa isimu watatambua kwamba huu ni mfano wa kile tunachokiita tendo-usemi: kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda, na mengine yenye maana iyo hiyo hayatendi kitu.

Tarehe 12 Novemba 1996, ndege ya Saudia na ya Kazakhstan ziligongana angani karibu na Charkhi Dadri, India, watu 349 wakaangamia. Uhaba wa Kiingereza ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Mkutano mkuu wa ICAO wa 1998 ukaagiza hatua zichukuliwe, na kanuni za kupima lugha zikaanza kutumika Machi 2008. Rubani wa safari za kimataifa na mwongozaji wa ndege sasa hupimwa katika matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, ufahamu na maingiliano. Viwango ni sita, na wa chini anayekubaliwa ni wa nne. ICAO hupendekeza wa nne apimwe tena kila baada ya miaka mitatu, wa tano kila baada ya sita, na wa sita asipimwe tena. Ulaya huandika kiwango hicho kwenye leseni. Marekani haiandiki kiwango. Huandika tu kwamba mwenye cheti anakimudu Kiingereza. Kwa hiyo hata katika kupima lugha moja, mataifa haya mawili hayakutumia kipimo kimoja.

Nayataja haya kwa sababu mwanafunzi wa Kenya hudhani kwamba, maadamu amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, upande huu hauna shida kwake. Ana hakika ya kuuzidi ufasaha wa Mwitaliano. Huenda ni kweli. Lakini Kiingereza cha angani si Kiingereza cha insha. Ni lugha ndogo yenye maneno machache, kila neno na kazi yake, ambapo hata tarakimu ya tisa huongezwa silabi katika matamshi ili isichanganywe na ya tano. Mzawa wa London naye hutakiwa ajifunze upya kusema polepole na waziwazi. Mwalimu wa Kiingereza pale Gede au Ganze anayewafundisha wanafunzi kusikiliza agizo, kulirudia neno kwa neno na kuuliza wasipoelewa, anawaandaa kwa urubani vizuri zaidi kuliko yule anayewakaririsha nahau.

Upande wa pili wa suala la lugha ni wa mzazi. Kanuni za leseni za Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza, na cha wanasheria. Mikataba ya shule za urubani, ziwe za uwanja wa Wilson, za Afrika Kusini au za Marekani, vivyo hivyo. Anayetia sahihi na kulipa mamilioni ya shilingi ni baba mwenye minazi kule Takaungu au mama mwenye duka Mtwapa. Humwamini dalali wa masomo anayemwambia kwamba leseni ya kimataifa hutumika popote duniani. Huo ni uongo uliojificha ndani ya neno moja. Kiwango ni cha kimataifa. Leseni ni ya nchi. Laiti mzazi angeelezwa tofauti hiyo kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, angeuliza maswali mengine. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini haitavunja sheria yoyote ikitoa mwongozo wa kurasa kumi kwa Kiswahili sanifu, ikaeleza ni nini humpata mwenye leseni ya kigeni anaporudi nyumbani: kwamba nchi iliyoitoa itaulizwa kwanza, kwamba sheria za anga za Kenya zitatahiniwa, kwamba afya itapimwa upya, na kwamba haya yote huchukua muda na fedha.

Mwongozo huo ukingojewa, walimu wanaweza kuanza. Mwanafunzi akija na fomu ya shule ya urubani, asiulizwe kwanza kama ana fedha. Aulizwe: unataka kufanya kazi nchi gani, na ndege za huko husajiliwa wapi? Shule hii imeidhinishwa na mamlaka ya nchi gani? Leseni yake ikibadilishwa nchini unakotaka kufanya kazi, ni mitihani mingapi utakayoifanya tena, na saa ngapi utakazoongeza? Una haki ya kuishi na kuajiriwa huko, au unategemea bahati? Na daftari lako la safari, nani atalithibitisha shule ikifungwa? Asiyeweza kuyajibu maswali haya hajawa tayari kulipa, hata kama fedha ziko mezani.

Serikali nazo zina wajibu wao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane sasa. Ina wakala wa pamoja wa usalama wa anga, ina itifaki inayotaka vyeti vitambuliwe, na ina historia ya Soroti ya kuthibitisha kwamba jambo hili liliwezekana. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho: leseni moja ya urubani wa biashara inayokubalika kwa ndege za 5Y, 5H na 5X na za wanachama wengine bila kutahiniwa upya. Ikiwa Nairobi haiiamini leseni ya Entebbe iliyotolewa kwa kanuni zilizooanishwa, tutakuwa na uso gani wa kuiomba Washington au Cologne iiamini ya Nairobi? Mataifa makubwa hupatana na makundi. Huyapuuza mataifa yaliyotawanyika. Marekani iliketi na Ulaya nzima kuzungumzia leseni, haikuketi na Ureno peke yake.

Vijana wa Malindi na Kilifi wataendelea kwenda ng’ambo, na waende. Lakini waende wakijua kwamba kitakachowafaa popote ni saa walizoruka na kuziandika, lugha waliyoizoea kwa usahihi, na hesabu, fizikia na jiografia walizozishika madarasani mwetu. Muhuri wa serikali ni wa kuombwa upya kila penye mpaka mpya. Kuipunguza mipaka hiyo ni kazi ya waliotuomba kura, nasi tunapaswa kuwakumbusha kabla ya mzazi mwingine kuuza shamba.